Mayai ya rangi kwa vitu vya jikoni kwako: maswali mnayoniuliza kila Pasaka ikikaribia

Habari zenu wapendwa. Kila mwaka kwaresma ikifika katikati maswali yanaanza kumiminika, mengine ya akina mama wa sandei skuli, mengine ya walimu wa chekechea, mengine ya mashoga zangu wa Ngamiani hapa Tanga ambao watoto wao wameona mayai ya rangi kwa jirani na wao wanataka hayo hayo. Nimeona niyajibu yote sehemu moja. Kitu kimoja nitakirudia mpaka mtanichoka: yai ni chakula kwanza, urembo baadaye. Kitu ambacho hukitii kwenye sufuria ya mboga usikitie kwenye sufuria ya mayai.

Sijawahi kabisa, nianze na nini?

Anza na maganda ya vitunguu maji, yale makavu ya nje yanayopeperuka ukimenya. Hayana gharama, hayakuangushi na yanashika hata kwenye yai la kahawia. Nenda soko la Mgandini jioni ukaongee vizuri na muuza vitunguu, chini ya meza yake pamejaa maganda anayosubiri kuyafagia, atakupa mfuko mzima bure. Ukirudi yaoshe maana yana mchanga, alafu pima vikombe vinne vya chai vya kawaida (vile vya robo lita) bila kushindilia sana, ni kama maganda ya vitunguu 12 hivi, tia kwenye maji lita moja, yakichemka punguza moto yaendelee taratibu nusu saa. Maji yanakuwa mekundu meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Chuja, acha yapoe, tia siki vijiko viwili vya chakula, ingiza mayai uliyokwisha kuchemsha.

Baada ya nusu saa unapata rangi ya chungwa lililoiva, ukiyaacha masaa matatu manne inakuja nyekundu ya matofali, ukiyalaza usiku kucha kwenye friji inakuwa kahawia nzito kama mbao ya mninga. Vitunguu vyetu vingi ni vyekundu kwahiyo rangi inaelekea kwenye wekundu mzito, na wakati mwingine kwenye yai jeupe inatoka na ukijani kwa mbali, usishtuke hujakosea kitu.

Mayai yangu ni ya kahawia, rangi itaonekana kweli?

Itaonekana ila usitegemee pinki. Mayai ya kuku wa kisasa tunayonunua kwa trei mengi ni ya kahawia, na yai la hivo ukilitia kwenye bitiruti linatoka na rangi ambayo hata jina huna. Tumia rangi zenye nguvu. Maganda ya vitunguu yanatoa wekundu mzuri sana juu ya kahawia, pengine mzuri kuliko juu ya jeupe, na kabichi ya zambarau inatoa kijani kizito kama jani la mwembe lililokomaa, manjano yanatoa kama dhahabu iliyochakaa.

Ukitaka meupe tafuta ya kienyeji. Kuku wa kienyeji kila mmoja na lake, huyu anataga meupe, mwenzie rangi ya maziwa, mwenzie kahawia hafifu, kwahiyo ukiwa na mama anayefuga huko Pongwe au Muheza mwambie mapema akutengee meupe, wiki mbili kabla, sio Ijumaa Kuu asubuhi.

Alafu kuna jambo wengi hawalijui. Ule ukahawia haujaenda mpaka ndani, kuku anaumalizia nje nje masaa ya mwisho kabla hajataga, ndo maana ukivunja yai la kahawia ganda lake kwa ndani ni jeupe. Kwahiyo ukililoweka kwenye siki dakika chache ukalisugua taratibu kwa kitambaa ukahawia mwingi unaondoka. Mi siipendi sana njia hii kwa sababu siki hiyo inakula na ganda lenyewe linabaki jembamba, lakini kwa mayai mawili matatu ya mtoto anayelilia bluu inasaidia.

Kitu gani kinatoa rangi gani?

Hapa ndo penyewe, tulieni nieleze kimoja kimoja, vyote ni kwa maji lita moja na siki vijiko viwili vya chakula isipokuwa nikisema tofauti.

Manjano ya unga, vijiko vitatu vya chakula, chemsha dakika 15 mpaka 20. Inatoa njano ya kung'aa kabisa. Manjano hayayeyuki vizuri kwenye maji, utaona unga unatua chini, kwahiyo lazima yapate moto wa kutosha na uchuje kwa kitambaa chepesi, sio chujio la chai, la sivyo yai linatoka na madoadoa ya unga. Kuna wanaoyapenda hayo madoa, sawa, ila ujue yanatoka wapi.

Kabichi ya zambarau, nusu ya kabichi ya wastani ikikatwa katwa inajaza vikombe vinne. Chemsha nusu saa. Inatoa bluu juu ya yai jeupe, na ni kitu kinachoshangaza watu kuliko vyote, nitaeleza chini kwa nini. Tanga mjini haipo kila siku lakini mboga zinazoshuka kutoka Lushoto huwa nayo, muulize muuzaji akuletee, akijua unachukua ataleta.

Choya, wengine mnaiita rozela, ile mnayochemshia juisi nyekundu. Kila mtu anadhani itatoa wekundu kwa sababu juisi yake nyekundu. Haitoi. Inatoa zambarau ya kijivu mpaka bluu nyeusi, nzuri sana kama mbingu ya masika. Lakini choya ina asidi nyingi yenyewe, USITIE SIKI kabisa, na usilaze usiku kucha. Mi nililaza mara moja, asubuhi ganda limekuwa kama msasa na rangi inabanduka ukishika. Nusu saa mpaka saa moja inatosha, na usiliguse guse likiwa halijakauka.

Bitiruti, vikombe vinne iliyokatwa, inatoa pinki. Hii ni rangi dhaifu na haipendi moto mwingi, ukiichemsha muda mrefu inageuka ukahawia, kwahiyo chemsha dakika 20 basi, tia siki zaidi kidogo hata vijiko vinne, na kubali kwamba itafifia siku mbili tatu. Mchicha mwekundu ni wa jamii moja na bitiruti kwa rangi, nao vivyo hivyo unatoa pinki hafifu ya kupita.

Chai ya majani iliyokolea sana, kahawia ya joto. Kahawa, kahawia ya ndani zaidi, na kama karibu na kwako kuna mzee wa kahawa chungu muombe masimbi yake ya jioni, rangi bado ipo ya kutosha tu. Zambarau zenyewe, yale matunda yanayopaka ulimi, ponda uchemshe, zinatoa zambarau ya kijivujivu.

Sasa visivyofanya kazi, msipoteze gesi. Karoti haitoi kitu cha maana kwa sababu rangi yake inapenda mafuta haipendi maji, na ndo hivo hivo kwa nyanya na mawese. Mchicha wa kijani unatoa kivuli cha kijani unachokiona wewe peke yako uliyepika. Zingifuri, ile mbegu nyekundu ya mrangirangi, nayo ni mtoto wa mafuta, ukiichemsha kwa maji matupu inatoa chungwa hafifu tu wakati mkononi imekupaka wekundu mkali.

Kabichi ya zambarau inatoaje bluu? Mbona maji yenyewe yamekuwa pinki?

Nalipenda swali hili. Rangi iliyomo kwenye kabichi hiyo inaitwa anthosayanini na ina tabia ya kubadilika kufuatana na uchachu. Kwenye asidi inakuwa pinki au nyekundu, pasipo asidi wala alkali (kinyume cha asidi, kama magadi) inakuwa zambarau, kwenye alkali kidogo inakuwa bluu, ukizidisha alkali inaenda kijani mpaka njano. Ukitia siki maji yako yanageuka pinki, ni sawa kabisa. Lakini ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, ile ile ya chokaa na matumbawe, na hiyo inapambana na asidi. Kwahiyo rangi ikishakaa juu ya ganda uchachu unakufa na pinki inageuka bluu mbele ya macho yako, hasa likishakauka. Ukilitoa mapema ukaona lina upinki usilirudishe kwa hasira, liweke pembeni ulisubiri.

Na hapo ndo unaelewa na choya, nayo ni anthosayanini hiyo hiyo, na yale matunda ya zambarau pia.

Wape watoto mchezo huu: gawa maji ya kabichi kwenye glasi tatu, moja kamua ndimu, moja iache, moja tia chembe ya magadi soda. Utapata pinki, zambarau na bluu ya kijani kutoka sufuria moja. Mwalimu wa sayansi angefurahi.

Nichemshe mayai pamoja na rangi au nichemshe kwanza?

Njia zote mbili zipo. Kuchemsha pamoja kunafaa kwa maganda ya vitunguu na manjano, ni haraka, rangi inaingia ikiwa ya moto, nusu saa umemaliza. Tatizo yai linaiva kupita kiasi, ukilikata unakuta pete ya kijani kuzunguka kiini. Haina madhara, ni chuma cha kiini kimekutana na salfa ya ute, lakini haipendezi na ute unakuwa kama mpira.

Mi nachemsha kwanza. Mayai kwenye maji ya baridi, yakianza kuchemka dakika 10, tia kwenye maji ya baridi, kausha, alafu ndo yaingie kwenye rangi iliyopoa. Ikipita masaa mawili peleka friji pamoja na bakuli lake. Ndugu zetu wa Lushoto mkumbuke huko juu, karibu mita 1,400, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100 za huku pwani, kwahiyo ongezeni dakika mbili tatu.

Na msichukue mayai yaliyotagwa jana. Yai jipya mno halimenyeki, linang'ang'ania ngozi yake na unapomenya unaondoka na nusu ya ute. La wiki moja linamenyeka vizuri. Ila kabla ya yote litie kwenye maji, likielea liweke pembeni, huenda hilo ni viza.

Siki ni lazima? Sina siki nina ndimu.

Kazi ya siki ni kukwangua ganda kidogo, ndo vile vipovu unavyoviona, ili rangi ipate pa kushikia. Ndimu inafanya kazi hiyo hiyo, ndimu mbili za majimaji kwa lita moja. Ukwaju pia unaweza ila una rangi yake ya kahawia, utaharibu bluu yako, uache kwa ajili ya chai na vitunguu. Maganda ya vitunguu yanashika hata bila asidi, inachelewa tu. Kama unatumia maji ya kisima cha huku kwetu yenye chumvi na chokaa, ongeza siki kijiko kimoja, maana maji yenyewe yanaila.

Nina sufuria za alumini tu, kuna shida?

Hakuna shida ukifuata mpangilio. Chemsha rangi kwenye alumini BILA siki, chuja, mimina kwenye bakuli la kioo au kindoo cha plastiki, na hapo ndo utie siki na mayai. Asidi ikikaa na alumini masaa mengi inaila sufuria na rangi inapauka au inakuwa na weusi. Sufuria ya chuma nayo inaipa chai na vitunguu weusi. Chungu usitumie, kitanywa rangi na mchuzi wako wa samaki utakuwa wa njano mpaka Idi.

Naweza kutumia rangi ya mikeka? Au hina? Au rangi ya biriani?

Hili nalijibu nikiwa nimekaza sauti. Rangi ya unga ya kuchemshia miyaa ya mikeka HAPANA. Najua ipo sokoni, najua ni bei ndogo, najua bibi zetu wanaosuka ukili wanaitia kwenye sufuria ya moto kama tunavofanya na mayai na inatoka kali inapendeza. Sio chakula. Ganda la yai lina matundu madogo madogo maelfu, kilichopo nje kinaingia ndani. Miaka ya nyuma kwenye shughuli moja ya watoto hapa mjini nilikuta mayai yanang'aa kama taa, mtoto kamenya la kwanza ute wote pinki mpaka karibu na kiini, kuuliza kumbe ni rangi ya miyaa. Tuliyakusanya yote tukayatupa huku watoto wanalia. Yule dada hakuwa na nia mbaya, hakuna aliyekuwa amemwambia. Ndo maana naandika haya yote.

Rangi za nguo, hapana. Piko hapana kabisa, ile nyeusi ina kemikali ya kupakia nywele inayoweza kubabua hata ngozi. Hina halisi ni jani, lakini hatuili, iache kwa maharusi. Manjano ya singo, ile ya kujisugua mwili, nayo usiyachukue, yameshachanganywa na liwa na marashi na vitu vingine, nunua manjano ya kupikia.

Rangi ya biriani ni rangi ya chakula, kama ipo kwenye pakiti yake yenye maandishi sawa, inaliwa, japo sio ya asili na sio hii tunayozungumzia. Ile inayopimwa kwa kijiko kwenye kikaratasi bila jina siitumii kwenye mayai na siitumii kwenye biriani. Na mnaoniuliza kuhusu ubuyu mwekundu: unga wa ubuyu wenyewe ni mweupe, wekundu wake ni rangi iliyotiwa, kwahiyo hautakusaidia kitu.

Yakishatiwa rangi yanaliwa?

Ndo maana yake yote. Yanaliwa, na kwa rangi hizi za jikoni hayabadiliki ladha, hata la vitunguu halinuki vitunguu, labda choya ikiwa imekaa muda mrefu unasikia uchachu kidogo.

Shida ni joto. Yai lililochemshwa halitakiwi kukaa nje zaidi ya masaa mawili, na hewa ikizidi nyuzi 32 ni saa moja tu. Sasa mwezi wa tatu na wa nne Tanga unaijua mwenyewe. Kikapu cha mayai kilichopambwa mezani tangu asubuhi mpaka wageni wa jioni, hayo yameshakuwa mapambo sio chakula, usimpe mtoto. Watu wanabisha kwa sababu yai bichi linakaa nje siku nyingi na halina neno, lakini kuchemsha kunaosha ule utando wa asili unaoziba matundu ya ganda, yai linakuwa wazi kwa vijidudu. Kwenye friji likiwa na ganda lake wiki moja. Kama huna friji tia rangi siku ile ile ya kula, maganda ya vitunguu ya moto, nusu saa, mnakula.

Mchezo wa kuficha mayai bustanini nao hesabu uliyoficha na uliyorudishiwa, na yafiche kivulini, au tumia makaka matupu, yaani maganda mazima yasiyo na kitu ndani, nitakayoeleza mbele.

Limepasuka wakati wa kuchemsha, nilitupe?

Kama umelichemsha wewe sasa hivi kwa vitu vya jikoni kula, rangi itakuwa imeingia kwenye ute kwa michirizi na inapendeza. Ila hilo usilirudishe kwenye kikapu, ulile leo hii. Wachina wana mayai ya chai ambayo wanayapasua ganda makusudi baada ya kuchemsha wakayarudisha kwenye chai yenye viungo, ukimenya yana michoro kama marumaru. Jaribuni na chai yetu ya mdalasini na iliki, tamu sana na chumvi kidogo.

Mbona limetoka na mabaka?

Mara nyingi ni mafuta ya mikono. Osha mayai kwa maji na sabuni kidogo ya vyombo kabla hujatia rangi, suuza vizuri, alafu shika kwa kijiko. Sababu nyingine ni mayai kugusana au kulala juu ya mwenzie, tumia bakuli pana, yageuze kila baada ya muda. Na usilifute likitoka, liache lijikaushe lenyewe, geuza lile trei la makaratasi la mayai ukalikalishe juu ya vile vichuguu. Masika unyevu mwingi, linaweza kuchukua saa zima, weka mbele ya feni.

Likishakauka kabisa pitisha mafuta kidogo kwa kitambaa linang'aa. Mafuta ya nazi mazuri lakini kwenye friji yanaganda yai linakuwa na ukungu mweupe, kwahiyo kama linaenda friji tumia ya alizeti.

Nataka michoro, nafanyaje?

Hapa watoto wanapapenda. Chukua jani dogo lenye umbo zuri, mi natumia jani la mkwaju kwa sababu vijani vyake ni vidogo vimepangana kama unyoya, kotimiri pia nzuri na mlonge. Lilowanishe, lilaze juu ya yai, livalishe yai zima kipande cha soksi nyepesi ya kike iliyochakaa, vuta nyuma ufunge kwa uzi mpaka jani limebanwa kabisa, tia kwenye rangi. Ukifungua jani limeacha picha yake ya rangi ya ganda. Siri ni kubana, likilegea rangi inapenya chini.

Njia ya pili mshumaa mweupe, mtoto anaandika jina lake juu ya yai kavu, panapopita nta rangi haishiki. Lakini rangi lazima iwe ya baridi, ikiwa ya moto nta inayeyuka. Ukraine wameifanya njia hii ya nta kuwa sanaa kubwa kabisa, yai moja linazama kwenye rangi tano sita, kila mara wanaongeza nta.

Kijani napataje?

Tia kwenye manjano nusu saa, likauke, alafu kabichi ya zambarau dakika chache. Angalia kila dakika tano, ukichelewa linakuwa bluu la kuchafuka.

Sisi Waislamu, wanangu wameona kwa jirani wanataka. Hivi si mambo ya Wazungu haya?

La dini muulize ustadhi wako shoga yangu, mi nitajibu la historia tu. Kwa Wakristo yai la Pasaka lina maana yake, Waorthodoksi wanalitia jekundu kwa ajili ya damu ya Kristo, na zamani kanisa lilikuwa linakataza mayai kipindi cha kwaresma kwahiyo mpaka Pasaka ifike yameshajaa nyumbani. Uingereza kuna kumbukumbu za mwaka 1290 za mfalme Edward I kununua mayai 450 ya kupambwa kwa ajili ya Pasaka.

Lakini mayai ya rangi sio ya Wakristo peke yao. Iran kwenye mwaka mpya wao, Nowruz, tarehe 20 au 21 Machi, mezani kunakuwa na mayai yaliyotiwa rangi. Misri kuna sikukuu ya Sham el-Nessim, Jumatatu baada ya Pasaka ya Wakopti (Wakristo wa huko), Waislamu kwa Wakristo wanatoka na mayai ya rangi kwenda kukaa bustanini. Wayahudi wenye asili ya Hispania wana mayai yanayopikwa taratibu usiku kucha na maganda ya vitunguu. Na hapa hapa Afrika, kwenye mapango ya Diepkloof Afrika Kusini, vimekutwa vipande vya makaka ya mayai ya mbuni yaliyochorwa mistari na watu miaka kama 60,000 iliyopita. Kwahiyo ukiniambia ni ya Wazungu nitakukatalia. Kwangu watoto wa mtaa mzima wanakuja, wengine wanayafanya Idi, wengine siku ya kuzaliwa tu.

Nataka kuyatunza yasiharibike, yakae hata mwaka.

Basi toboa. Yai bichi, osha, toboa juu na chini kwa sindano nene, la chini lipanue kidogo, koroga kiini kwa sindano, puliza juu mpaka lote litoke kwenye bakuli. Suuza ndani kwa maji yenye siki, likauke siku nzima. Osha mikono na mdomo baada ya hapo, yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, na watoto wadogo wasipulize. Kilichotoka kwenye bakuli usikiache nje, kipike siku hiyo hiyo, mayai sita ya kupuliza ni mkate wa mayai mzuri kabisa wa jioni. Kaka tupu linaelea kwenye rangi, lijaze rangi yenyewe kwa ndani ili lizame.

Yaweke mbali na jua. Bitiruti itakukimbia kwanza, kabichi itafuata, vitunguu na chai utabaki navyo.

Mayai ya bata, kware na kanga je?

Bata mazuri, mengi ni meupe au ya ukijani hafifu ila yana utando wa kuteleza, yasugue vizuri na maji ya siki kwanza. Kware ukiyaloweka kwenye siki yale madoa yanatoka yote, kwahiyo kama unayapenda madoa usizidishe asidi. Kanga ganda gumu, lina rangi yake tayari, mi nayaacha yalivyo.

Manjano yamemwagikia gauni jeupe la mtoto!

Ukiweka sabuni litageuka jekundu, usipige kelele, ni lile lile doa la pilau tunalolijua wote, manjano yakikutana na sabuni yanakuwa mekundu kwa sababu sabuni ni alkali. Fua kawaida, suuza mpaka sabuni itoke, alafu anika juani likiwa na maji maji, siku moja mbili. Jua la Tanga linayamaliza manjano kuliko sabuni yoyote. Siku nyingine wavalisheni watoto nguo za kushindia na wewe jifunge khanga ya zamani.

Rangi iliyobaki nifanyie nini?

Ichuje, itie kwenye chupa, iandike jina na tarehe, friji inakaa siku nne tano. Ukiitumia tena ongeza siki kijiko kimoja kwa sababu mayai ya kwanza yameshaila, na yakae muda mrefu zaidi kidogo. Usiinywe, hata ya choya, mayai yamelala humo. Ya vitunguu na chai ikiwa haikutiwa siki imwage kwenye mti, yenye siki mwaga chooni, na yale makapi ya kabichi na maganda wape kuku wa jirani wachague wenyewe.